Eko ya moyo kwa mtoto njiti: kufuatilia presha ya mapafu hatua kwa hatua

Kila wakija intani wapya hapa Tanga maswali ni yaleyale. TR, ule mvujo wa damu kurudi nyuma kwenye vali ya moyo, siipati nifanyeje, hii eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, nairudia baada ya muda gani, mtoto analia niendelee au niache, na wengine wananipigia saa nane ya usiku kutoka Lushoto au Korogwe probu, kile kichwa cha mashine kinachowekwa kifuani, iko mkononi na jeli ishamwagika kitandani. Nimeona niandike mara moja yaishe. Mimi sio bingwa wa moyo, ni dokta wa wodi ya watoto wachanga niliyefundishwa na mabingwa kisha nikakaa miaka na probu mkononi, kwahiyo hapa utapata mambo ya mkononi zaidi kuliko ya kitabuni. Na kama hujawahi kusimamiwa na mtu anayejua, usianze peke yako kwa mtoto wa kilo moja, kaa pembeni ya mwenzio kwanza, angalia hata watoto ishirini thelathini ndo uguse.

Kitu kimoja kishike kabla ya vyote. Kufuatilia presha ya mapafu ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa wiki mbili zilizopita, akiwa katika hali ileile. Namba moja ya leo uliyoipata mtoto anapiga makelele haifuatilii kitu, inakutisha tu.

Nadharia kidogo

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hayana kazi, damu inayapita kidogo sana na presha ya mishipa yake iko juu. Akizaliwa akavuta pumzi, presha inaanza kushuka siku kwa siku. Sasa njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 28, mapafu yake hayajamaliza kuota mishipa, na juu yake kuna oksijeni, mashine ya kupumulia, maambukizi, vyote vinazidi kuyaumiza. Mishipa inakuwa michache na kuta zake nene, na chumba cha chini cha kulia cha moyo, ambacho humu nitakiita RV kama tunavyokiita wodini, kinasukuma kwa nguvu mpaka kinachoka.

Wa kuwaangalia zaidi ni wale wenye BPD, ugonjwa sugu wa mapafu ya njiti, yaani mpaka wanafika wiki 36 za umri wa kuhesabu toka hedhi ya mwisho ya mama bado wanataka oksijeni au msaada wa kupumua. Kwa hao karibu mtoto 1 katika 5 anakutwa na presha ya mapafu. Kwahiyo njiti yeyote akifika wiki 36 na bado ana bomba la oksijeni, mpime, hata kama anaonekana mzima anacheka. Usingoje wiki 36 kama saturesheni, kiwango cha oksijeni kwenye damu, inapanda na kushuka bila sababu, kama mahitaji ya oksijeni yanaongezeka badala ya kupungua, au kama haongezeki uzito na maziwa anapata ya kutosha.

Vitu vya kuandaa kabla hujamfunua mtoto

- Mashine ya eko yenye probu ndogo ya watoto wachanga, masafa ya 8 hadi 12 megahezi. Probu ya watu wazima haifai, utaona ukungu tu.
- Waya tatu za ECG (mchoro wa umeme wa moyo) za mashine na vibandiko vidogo. Wengi wanaziruka hizi, usiziruke.
- Kafu ya presha ya saizi ya mtoto, sio ile ya mtoto wa miaka miwili umeizungusha mara tatu.
- Vipima saturesheni viwili, kimoja mkono wa kulia, kingine mguuni.
- Jeli iliyopashwa joto. Tia chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, jaribu kwenye mkono wako kwanza.
- Kofia, soksi, nepi kavu, na mama mwenyewe akiwa karibu.
- Faili lenye majibu ya eko zilizopita. Kama hakuna faili, nenda kalitafute kwanza.

Probu isafishe kabla na baada, kwa dawa ile mwenye mashine aliyoruhusu. Spiriti kali inakula mpira wa kichwa cha probu polepole, na probu ya watoto bei yake sio ya mchezo.

Kwa mama ongea mapema. Juzi mmoja katoka Pongwe kaniuliza, "Dokta, hiyo mashine haitomchoma mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, ni sauti tu, sauti nyembamba ambayo masikio yetu hayaisikii, inakwenda inagonga moyo inarudi, wewe mshike mkono tu. Hajauliza tena. Mama aliyetulia ni nusu ya kazi kwasababu mtoto anamsikia.

Hatua zenyewe

1. Mtulize mtoto, kisha ngoja.

Hapa ndo watu wanaharibu na mimi niliharibu vilevile. Mwaka wangu wa kwanza, njiti wa kilo 1.6, chumba cha kupimia AC inavuma maana ulikuwa mwezi wa pili na joto la kaskazi mnalijua, jeli nimeitoa kabatini ya baridi, mtoto kalia mpaka midomo inabadilika rangi na mimi naendelea tu. Nikapata TR ya mita 3.3 kwa sekunde, nikapiga hesabu ya presha ya RV (iko hatua ya 6) ikaja 49, nikachukua presha ya damu iliyoandikwa asubuhi, 62. Nikatangaza hatari. Bibi wa mtoto akatoka nje kuanza kuchangisha nauli ya Dar. Akaja mkubwa wangu, akaangalia, hakunigombeza, akasema zima AC, mpe mama amnyonyeshe, tukutane baada ya nusu saa. Nusu saa baadaye mtoto kalala fofofo kifuani kwa mama, TR 2.4, presha ya damu 66, hesabu 28. Yule bibi akaniangalia akasema, "Kumbe mashine nayo yataka mtoto alale."

Kulia, baridi, oksijeni kushuka, asidi kupanda kwenye damu, vyote vinabana mishipa ya mapafu. Kwahiyo: joto la mwili liwe 36.5 hadi 37.5, awe ameshiba na kucheua, feni isimwelekee. Matone machache ya maziwa ya mama mdomoni yanasaidia. Akiwa kwenye kangaruu, kifuani kwa mama, unaweza kumpima hapohapo ukimlaza mama kwa kuegemea. Akianza kulia, toa probu, ngoja. Usishindane na njiti, atakushinda.

2. Andika hali yake kabla hujapima.

Uzito wa leo, umri wa wiki, yuko kwenye oksijeni ya asilimia ngapi au lita ngapi, CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani, iko presha ngapi, saturesheni ya mkono wa kulia na ya mguu, amelala au macho, presha ya damu ya SASA HIVI. Hiyo presha ya damu ndo mizani yako yote, ya asubuhi haifai. Saturesheni ya mguu ikiwa chini ya ile ya mkono wa kulia kwa asilimia 5 hadi 10, jua tayari kuna damu isiyo na oksijeni inavuka kwenye PDA, ule mshipa wa tangu yuko tumboni mwa mama, unaounganisha ateri ya mapafu na mshipa mkuu wa mwili, ambao haujafunga.

Na jina! Njiti wengi ni mapacha na wengi hawajapewa majina, wote wameandikwa mtoto wa fulani. Kulwa na Doto wakichanganywa kwenye mashine, utakuja kulinganisha moyo wa huyu na wa yule na utaapa kwamba dawa imefanya kazi. Andika pacha 1 au pacha 2 na angalia kibandiko cha mguuni kwa macho yako.

3. Panga mashine.

Chagua programu ya watoto wachanga, punguza kina mpaka moyo ujaze skrini, finya upana wa picha ili kasi yake iongezeke maana moyo wa njiti unapiga 140 mpaka 160 kwa dakika. Kwenye doppla, kipimo cha kasi ya damu, kasi ya mstari weka milimita 100 kwa sekunde, ukiiacha ya chini mapigo yanabanana huwezi kupima muda. Nguvu ya sauti ipunguze kadri picha inavyoruhusu na usikae juu ya kifua bure, kama unafikiri bonyeza kitufe cha kusimamisha ufikirie.

4. Kama ni mara ya kwanza, kagua moyo wote.

Hili halina mjadala. Usiandike presha ya mapafu kabla hujahakikisha moyo umeumbwa sawasawa. Hakikisha vena za mapafu zinaingia chumba cha juu cha kushoto, hakikisha mshipa mkuu wa mwili haujabanwa, angalia matundu. Kuna watoto ambao vena zao zote zinamwaga kwingine, wanaonekana kama wana presha ya mapafu tu, na ukiwapa dawa ya kufungua mishipa ya mapafu unawamaliza. Ukiona usichokielewa, rekodi video, simama hapo, mtafute bingwa.

5. Angalia ukuta wa kati kwenye mkato mfupi.

Weka probu kushoto ya kidari, izungushe upate mkato mfupi kwenye usawa wa misuli inayoshika vali. Chumba cha chini cha kushoto kikiwa salama ni duara kama kitumbua, na RV imekizunguka kama mwezi mwandamo. Presha ya RV ikipanda ukuta wa kati unalala. Kitumbua kinakuwa herufi D. Ikizidi kabisa ukuta unabinuka kuelekea kushoto.

Angalia mwisho wa mgandamizo, yaani moyo unapomaliza kubana, pale mwisho wa wimbi la T kwenye ECG, ndo maana nikasema waya usiziruke. Alafu usikadirie kwa macho tu, pima. Chora kipenyo kinacholala sambamba na ukuta, chora kinachoukata, gawa cha kwanza kwa cha pili. Mzima ni kama 1.0. Ukifika 1.3 na kuendelea, presha ya RV huwa imeshavuka nusu ya presha ya mwili. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa ufuatiliaji kwasababu karibu kila mtoto unakipata, TR iwepo isiwepo.

Kosa la kawaida: mkato umeenda mshazari, duara lenyewe limekuwa yai, unasema ukuta umelala. Kama misuli miwili ya vali haionekani saizi sawa, rekebisha mkono.

6. Tafuta TR.

TR ni damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali ya trikaspidi. Nenda mwonekano wa vyumba vinne, washa rangi inayoonyesha damu inakoelekea juu ya vali hiyo, uone mvujo, elekeza mstari wa doppla ya CW, ile inayopima kasi kwenye mstari mzima, uende sambamba nao. Mstari ukikaa upande, namba inakuja ndogo kuliko ukweli, haiwezi kuja kubwa, kwahiyo kosa lako litakuwa la kumpa mtoto afya asiyokuwa nayo. Jaribu na madirisha mengine, mkato mfupi, mkato mrefu ulioinamishwa kuelekea RV, kisha chukua ile kubwa zaidi iliyo safi.

Umbo unalotaka ni bakuli kamili, ukingo unaonekana toka mwanzo mpaka mwisho. Bakuli nusu usilipime. Na kingo zikiwa na ndevu, yaani ule ukungu unaoning'inia chini, punguza geini, ukuzaji wa mawimbi, pima kwenye ukingo wenyewe sio kwenye ndevu.

Hesabu: kasi zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 4, jumlisha 5 ya chumba cha juu cha kulia. TR ya mita 3 inakuwa 9 mara 4 ni 36, na 5 ni 41. Kama presha ya damu ya juu ni 68, 41 kwa 68 ni 0.6. Hapo imepita nusu, huyu ana presha ya mapafu. Chini ya theluthi moja kaa kwa amani, kati ya theluthi na nusu rudia na angalia vingine, zaidi ya theluthi mbili piga simu leoleo. Kuna wanaojumlisha 5 na kuna wasiojumlisha kabisa, mimi sina ugomvi na mtu, ila wodi nzima mkubaliane moja, maana ukijumlisha wiki hii na mwenzio asijumlishe wiki ijayo mtafurahia presha kushuka na haijashuka.

7. Soma PDA na tundu la kati.

PDA ikiwa wazi ni zawadi, inakuambia wazi nani ana presha kubwa kati ya mapafu na mwili. Damu ikitoka kushoto kwenda kulia, yaani toka mwilini kwenda mapafuni, muda wote kwa kasi, mapafu yako chini. Ikienda pande zote mbili, presha zinakaribiana, na ule muda wa kwenda kulia-kushoto ukizidi karibu theluthi ya mpigo basi mapafu yameupita mwili. Ikienda kulia-kushoto tupu, hiyo ni dharura.

Ikiwa inakwenda kushoto-kulia unaweza kupiga hesabu: kasi ya juu mita 2, ni 16, presha ya damu 60, toa 16, presha ya mapafu ni kama 44. Rahisi.

Onyo kubwa: usikimbilie dawa ya kufunga PDA kwa mtoto ambaye damu inavuka kulia-kushoto. Kwa huyo PDA ndo mlango wa kupumulia wa RV, ukiufunga RV inabaki na ukuta mbele yake. Na kinyume chake pia kipo, PDA kubwa inayomwaga damu mapafuni mpaka chumba cha juu cha kushoto kinavimba mara 1.5 ya mshipa mkuu au zaidi, huyo presha yake inatokana na mafuriko, matibabu yake mengine kabisa.

Tundu la kati kati ya vyumba vya juu liangalie kwa rangi, skeli ya rangi uishushe. Damu ikienda kulia-kushoto hapo, RV imeanza kuwa ngumu.

8. Pima muda wa kupanda kwenye ateri ya mapafu.

Weka doppla ya PW, ile inayopima sehemu moja tu, kwenye vali ya palmonari, katikati ya njia. Pima muda toka damu inaanza kutoka mpaka kilele, kisha muda wote wa kutoka, gawa. Kwa mfano milisekunde 45 kwa 190 ni 0.24. Chini ya kama 0.3 ni dalili ya presha kupanda. Ukiona mchoro una kibonyo katikati kama mtu kauma, ndo zaidi. Pima mapigo matatu uchukue wastani.

9. RV inafanyaje kazi?

Pima TAPSE, mwendo wa vali ya trikaspidi RV inapobana: rudi vyumba vinne, mstari wa M, unaochora mwendo wa sehemu moja, uupitishe pembeni ya vali ya trikaspidi, pima inavyoshuka na kupanda. Njiti wa wiki 26 kawaida ni kama milimita 4 hadi 5, akifika wiki 40 inakuwa kama 10. Kwahiyo TAPSE inatakiwa ipande jinsi mtoto anavyokua. Isipopanda kwa wiki nne na mtoto anaongezeka uzito, jiulize. Hapa ndo faida ya faili, maana milimita 6 peke yake haisemi kitu.

10. Vena za mapafu, zote nne.

Wanaoanza wanaruka hapa kwasababu ni kazi na mtoto ameshachoka. Njiti wenye BPD wanaweza kupata kubanwa kwa vena za mapafu baadaye, miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, hata kama eko ya kwanza zilikuwa wazi kabisa. Kwahiyo kila eko uzitafute upya. Weka probu kwenye shimo la koo au juu kushoto ya kidari, utapata mkao ambao mabingwa wanauita kaa, chumba cha juu cha kushoto kiko katikati kama mwili wa kaa wa mikoko na vena zinaingia kama miguu. Rangi ikichemka mahali, weka PW. Mtiririko wa kawaida una mawimbi na unashuka karibu na mstari wa sifuri. Ukikuta umekwenda juu na haushuki tena, hapo kuna mbano, na huyu ni wa bingwa.

Shimo la koo na chini ya mbavu viache viwe vya mwisho, ndo vinavyowaudhi watoto.

11. Upande wa kushoto.

Fupi tu. Chumba cha chini cha kushoto kinabana vizuri? Vali ya mitrali inafunguka? Kama kushoto ni kuchovu, dawa ya kufungua mishipa ya mapafu inaweza kumjaza maji mapafuni.

12. Andika majibu palepale.

Usiandike "presha ya mapafu ipo". Andika umbo la ukuta na namba yake, TR na ubora wa bakuli, presha ya damu ya muda uleule, uwiano, PDA inaelekea wapi, TAPSE, vena ngapi umeziona, oksijeni aliyokuwa nayo na kama alikuwa amelala. Mstari wa mwisho uwe: ukilinganisha na tarehe fulani, imepanda, imeshuka, au ipo palepale. Kama vena umeona tatu andika tatu, usiandike nne kwa aibu.

Kurudia lini

Mtoto aliyeanzishiwa au kubadilishiwa dawa, wiki 2 hadi 4. Akitulia unasogeza mpaka miezi michache. Anayeenda nyumbani na oksijeni apimwe kabla ya kuruhusiwa, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Na ukimpunguzia oksijeni, usirukie eko siku hiyohiyo, mpe siku kadhaa moyo uzoee ndo uone. Saturesheni kwa hawa wenye presha ya mapafu tunaishikilia 92 hadi 95, wale wanaomwacha mtoto kwenye 86 eti anavumilia wanampandishia presha kwa mikono yao.

Mambo yanapokwama

TR haipo kabisa. Ndo swali namba moja. Kukosa TR sio kukosa presha ya mapafu, watoto wengi wenye presha hawana TR ya kupimika. Rudi hatua ya 5, 7 na 8, ukuta wa kati, PDA, muda wa kupanda. Viwili vikikubaliana inatosha kuandika.

TR ya chini lakini ukuta umelala. Amini ukuta kwanza. Labda mstari wako ulikuwa upande, au RV imechoka haina tena nguvu ya kusukuma, na hiyo ya pili ndo mbaya zaidi. Angalia TAPSE.

Picha hakuna, mapafu yamejaa hewa. Kwa watoto wa BPD kifua kimevimba, hewa inaficha moyo. Nenda chini ya mbavu, mkandamizo mdogo tu, au mgeuze kidogo ubavu wa kushoto na sista amshike.

ECG inarukaruka. Ngozi ina mafuta. Tanga yetu hii kila mtoto kapakwa mafuta ya nazi, futa kwa pamba na maji ya uvuguvugu, taratibu, maana ngozi ya njiti inachubuka kama ganda la kitunguu.

Rangi imechanganyika kila mahali. Skeli iko chini mno, ipandishe. Kwenye vena na tundu la kati fanya kinyume chake.

Saturesheni inashuka katikati ya kipimo. Toa probu, angalia shingo haijapinda, bomba la CPAP halijatoka puani, ndo utafute sababu nyingine. Ikiwa hairudi, eko imekwisha kwa leo.

Umeme umekatika. Betri ya mashine inakubeba dakika chache, kwahiyo anza siku zote na ukuta wa kati na TR kabla ya mapambo mengine. Na kabla ya eko, angalia oksijeni ya mtoto inatoka kwenye konsentreta ya umeme au kwenye mtungi.

Namba zako na za mwenzio hazifanani. Kaeni pamoja mpime mtoto mmoja, kila mtu peke yake, kisha mfungue majibu. Sisi tulifanya hivyo tukagundua mmoja anapima ndevu, ni mimi.

Wa kupeleka Dar ni yule mwenye uwiano juu ya theluthi mbili, mwenye PDA ya kulia-kushoto, mwenye vena zenye mbano, na yule usiyemwelewa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndo wanaoweza kuingiza mrija moyoni wakapima presha moja kwa moja, eko yetu ni makadirio tu. Dawa za kufungua mishipa ya mapafu kama sildenafili usianze kwa kukisia, ongea nao kwanza kwa simu. Njia ni kama kilomita 350, kwahiyo hesabu mtungi wa oksijeni wa kumfikisha na akiba ya kukaa barabarani, mtoto asafiri kifuani kwa mama akiwa na kofia, na video za eko zitie kwenye flashi, sio picha ya skrini uliyopiga kwa simu ikiwa na mwanga wa dirisha. Karatasi ya majibu mpe mama nakala, mwambie aitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi, maana ile ya kwenye faili la rufaa huwa inafika imelowa au haifiki.